Haloalkani na nyukliofaili: anza na kaboni, mshale baadaye

Habari zenu wanakemia. Haloalkani ni alkani iliyobeba halojeni (klorini, bromini au iodini) mahali pa hidrojeni; nyukliofaili, kama OH⁻, ni chembe inayotoa jozi ya elektroni kwa kaboni na kuchukua nafasi ya halojeni hiyo. Kosa ninaloliona kila nikisahihisha mada hii ni lile lile: mtu akiona OH⁻ kwenye swali, mshale wa kuonyesha elektroni zinakokwenda ameshauchora kabla hajaitazama kaboni yenyewe. Twende polepole.

Hatua ya 1. Hesabu kaboni zilizoshikana na ile yenye halojeni. Moja ni daraja la kwanza, kama 1-bromobutani. Mbili, la pili. Tatu, la tatu, kama 2-bromo-2-methilipropani.

Hatua ya 2. Chagua njia. Fikiria siti ya daladala. Kwenye daraja la kwanza, abiria mpya (nyukliofaili) anajipenyeza kwa nyuma wakati uleule aliyekaa (halojeni) anainuka. Hiyo ni SN2 (S ni kubadilishana, N ni nyukliofaili): ukizidisha OH⁻ mara mbili, kasi nayo inakuwa mara mbili. Kwenye daraja la tatu, methili tatu zimeziba njia, hivyo bromini inashuka kwanza na kuacha kabokationi (kaboni yenye chaji chanya), ndipo mwingine anakaa. Hiyo ni SN1, na kuongeza OH⁻ hakuharakishi chochote. Daraja la pili huweza kupita kote kuwili.

Tahadhari: 1 na 2 si idadi ya hatua. Ni idadi ya chembe zinazoshiriki katika hatua inayoamua kasi, ndiyo maana SN2 ina hatua moja na SN1 ina mbili! Wanakemia Hughes na Ingold walituachia alama hizi miaka ya 1930 pale London, na kila mwaka zinaangusha watu.

Hatua ya 3. Sasa mshale. Unaanzia kwenye jozi ya elektroni ya nyukliofaili, unaishia kwenye kaboni. Mwingine unatoka kwenye bondi ya C–Br kwenda kwa Br. Ukianzia kwenye kaboni, umekosa.

Hatua ya 4. Hakikisha maabara ni halojeni ipi inatoka haraka. Chukua neli tatu zenye ethanoli kidogo, utie matone mawili mawili ya 1-klorobutani, 1-bromobutani na 1-iodobutani. Ziweke kwenye maji ya 50 °C, kisha ongeza myeyusho wa nitrati ya fedha. Nyukliofaili hapa ni maji. Mashapo ya njano ya iodidi hutangulia, ya bromidi yenye rangi ya krimu hufuata, na meupe ya kloridi huja mwisho.

Maswali

*Mwalimu, C–Cl si ndiyo yenye poliariti (tofauti ya chaji kati ya ncha zake) kubwa? Mbona inachelewa?*
Kinachoamua ni nguvu ya bondi. Kuvunja C–Cl kunahitaji kama kJ 340 kwa moli, C–I kama 240 tu.

*Mimi nilichemsha na NaOH, nikatia nitrati ya fedha, nikapata uchafu wa kahawia. Kemikali imeharibika?*
Haijaharibika, hiyo ni oksidi ya fedha. OH⁻ iliyobaki imewahi kuinasa fedha kabla ya halidi. Kabla ya fedha, tia asidi ya nitriki mpaka litmasi iwe nyekundu. Usitie ya hidrokloriki, utapata mashapo meupe uliyoyaleta mwenyewe.

*Na KOH ikiyeyushwa kwenye ethanoli badala ya maji?*
Ikiwa ya moto, OH⁻ inaacha kaboni na kunyakua hidrojeni ya kaboni jirani. Huko ni kuondoa, si kubadilishana: 2-bromobutani inakupa hasa but-2-eni, na but-1-eni kidogo. Soma kiyeyushi kwenye swali kabla ya kushika kalamu.