Presha ya mgonjwa aliyekuja kwa baiskeli

Tanga wengi hufika kliniki kwa baiskeli, na presha inayopimwa jasho halijakauka hudanganya. Mkalishe kwenye kiti chenye egemeo dakika 5, miguu chini, asikunje nne. Muulize kwanza kama amebanwa na mkojo. Mkono uegemee meza, usawa wa moyo. Mkanda wa mashine ya presha ufungwe kwenye ngozi ya mkono, si juu ya baibui, na mkono wa nguo ukikunjwa ukabana, bora autoe kabisa. Kosa baya zaidi ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene: husoma juu kuliko presha halisi. Mpira wa ndani ya mkanda, ule unaojaa hewa, uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Rudia baada ya dakika 1, andika vipimo vyote. Mashine ikiwa kazini msizungumze. Salamu za Kitanga, ndefu zile, zisubiri.