Namna ya Kuamua Kama Uendelee na Tamthilia Iliyopita Kilele Chake

Kabla ya kuanza msimu mwingine, jiulize ni swali gani lililokuvuta mwanzoni, na kama limekwisha kujibiwa. Tuchukue Prison Break, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 2005: msimu wa kwanza, wenye sehemu 22, ulisimama juu ya jambo moja tu, yaani Michael Scofield, aliyejichora mwilini ramani ya gereza, atamtoaje kaka yake Lincoln, aliyehukumiwa kifo, kabla ya siku ya kuuawa. Walipotoroka, swali hilo lilikwisha. Msimu wa pili ulipata jipya, la kuwindwa, na kwa maoni yangu unastahili muda wako. Msimu wa tatu ulimrudisha Michael gerezani, safari hii nchini Panama, na hapo mtazamaji awe macho, kwani hadithi inayorudia hila yake ya kwanza mara nyingi imeishiwa.

Tazama sehemu mbili za msimu mpya, simu ikiwa mbali. Ukiona kwamba unawapenda wahusika kwa sababu ya zamani tu, wala hujali yatakayowapata, acha bila kuona haya, na umwombe rafiki akusimulie mwisho. Ukibaki kwa ajili ya mhusika mmoja, kama mimi nilivyobaki kwa ajili ya T-Bag, mmoja wa wafungwa wa Prison Break, endelea, ila panga idadi ya sehemu kabla ya kuketi.