Kumpata mshauri wa tiba ya mafungamano, na kubaki naye

Wanaoniuliza habari za washauri huanza na swali lile lile: "Mzuri ni nani?" Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Mombasa, na ndiye ninayeshughulikia ushauri nasaha shuleni, kwa hiyo wazazi na walimu wenzangu hupitia kwangu. Nami humuuliza anayeniuliza: utaweza kumwona mtu huyo kila wiki kwa miezi mingi ijayo? Kama pesa, barabara au zamu za kazi hazitaruhusu, basi huyo si wako, hata awe amesoma kiasi gani. Katika tiba ya mafungamano, yaani ile inayotazama jinsi ulivyojifunza tangu utotoni kushikamana na watu wako wa karibu, kuendelea kuonana na mtu yule yule ni nusu ya tiba.

Ili ujue unachotafuta, anza kwa kuielewa tiba yenyewe. Daktari wa akili Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti mwaka 1951 kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao. Baadaye akajenga nadharia kwamba mtoto, kwa jinsi anavyolelewa, hujifunza mapema kama watu ni wa kutegemewa au la, na funzo hilo hukua naye. Mwenzake, Mary Ainsworth, alikwenda kuwatazama watoto wenyewe majumbani, na alianzia hapa kwa jirani. Kuanzia mwaka 1954 alizitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, na kitabu chake kuhusu watoto hao kikatoka mwaka 1967. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza vitu, akigeuka kumtafuta mama kwa macho, akirudi, kisha akienda tena. Aliona pia kwamba mama walioweza kumsimulia mambo madogomadogo ya watoto wao, aghalabu ndio waliokuwa na watoto waliotulia. Kwa hiyo mtu akiniambia haya ni mambo ya Wazungu, simkubalii. Sehemu ya msingi wake iliwekwa katika nyumba za Waganda.

Ainsworth aliendelea Baltimore, Marekani. Huko, katika jaribio lake, mama alitoka chumbani dakika chache, akamwacha mtoto wa mwaka mmoja hivi, kisha akarudi. Kilichotazamwa zaidi ni mtoto alivyompokea. Wengine walilia, wakabebwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Wengine hawakumtazama mama kabisa. Wengine walimng'ang'ania na papo hapo wakamsukuma. Baadaye Mary Main na Judith Solomon waliongeza kundi la nne: watoto wanaoganda au kwenda kinyumenyume, kana kwamba wanayemkimbilia ndiye wanayemwogopa. Hayo si magonjwa, wala vifungo vya maisha. Ni njia ambazo mtoto alizipata za kuishi na watu aliokuwa nao, na zinaweza kubadilika ukubwani.

Yangu ilikuwa ya kutotazama. Mamangu alifanya kazi Jeddah, nami nikalelewa na nyanya huko Likoni. Enzi hizo mama alirekodi kaseti, akampa mtu anayerudi nyumbani, na nyanya alituita sote sebuleni tuisikilize. Sauti ikianza tu, "Mwanangu, hujambo," mimi nachukua ndoo naenda kisimani. Majirani walinisifu kwamba sina makuu, silii. Nikaingia katika ndoa na tabia hiyo hiyo: mume akiaga safari, mimi nanyamaza tangu siku ya kuaga hadi arudi.

Nalisema hili kwa sababu wengi huogopa kwenda wakidhani watalazimishwa kumsema mama vibaya. Sikulazimishwa. Mamangu alikuwa akitafuta karo yangu, na nyanya alinilea kwa mapenzi makubwa. Hayo ni kweli, na kwamba nilimkosa mama pia ni kweli. Tiba ilinipa nafasi ya kuyasema yote mawili.

Ndani ya kikao, mshauri husikiliza habari za utotoni, lakini pia hutazama unavyomtendea yeye. Wangu alinieleza mapema kwamba atakuwa likizo mwezi mzima. Baada ya hapo nikawa naingia nimechelewa, nazungumzia mitihani ya wanafunzi. Akaniambia, "Mwalimu, tangu nikwambie nasafiri, unakuja lakini hupo. Umenikasirikia?" Nikajibu hapana, niko sawa. Hakubishana nami, alikaa kimya akisubiri. Nilipokiri kwamba ndiyo, nimekasirika, hakujitetea wala hakunipa mawaidha. Alinionyesha tarehe ya kurudi kwenye kalenda yake, akasafiri, na tarehe hiyo nikamkuta. Mtu mzima hujifunza upya kwa mambo kama hayo: kusema kinachouma kwa yule aliyeuma, na kumwona bado yupo.

Kuna namna nyingine za tiba hii. Kwa wanandoa, ipo iliyoendelezwa Kanada na Sue Johnson, inayowasaidia kuona hofu iliyo chini ya ugomvi. Kwa vijana wenye huzuni nzito, Guy Diamond na wenzake Marekani walitengeneza tiba ya familia ambamo mshauri hukaa na kijana peke yake, na mzazi peke yake, kabla ya kuwaketisha pamoja kijana aseme alichokuwa anakificha. Kwa watoto ambao mama zao wako Ghuba, natamani washauri wengi zaidi wa hapa Pwani wangeisomea.

Sasa kutafuta. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda Bodi ya kuwasajili. Omba nambari ya usajili na uulizie kwenye Bodi. Mtu wa kweli hachukii kuulizwa. Andika ujumbe mfupi, usimwage moyo wako wote kabla ya kumjua. Mimi huwapa watu huu:

"Habari za asubuhi. Natafuta mshauri wa kuonana naye kila wiki kuhusu uhusiano wangu na watu wa karibu. Je, umesajiliwa na Bodi? Umesomea tiba ya mafungamano wapi, na kuna mtaalamu anayekusimamia? Ada ni kiasi gani, na kuna nafuu kwa anayekuja muda mrefu? Nitaweza kuzungumza Kiswahili?"

Swali la mwisho lina uzito wake. Niliwahi kumwona mtaalamu hodari tuliyezungumza naye Kiingereza, na kila nilichosema kilitoka kimenyooka kama ripoti ya shule. Ukilia kwa Kigiriama au Kikamba, ulizia kama anakielewa.

Pesa ikiwa kidogo, jaribu vyuo vinavyofundisha ushauri nasaha. Mara nyingi wanafunzi wa uzamili huona watu kwa ada ndogo chini ya usimamizi wa walimu wao. Muulize tu mwanafunzi anamaliza lini, usije ukaachwa katikati. Kwenye hospitali za serikali unaweza kukutana na sura tofauti kila ukienda, lakini kama hulali, huli, au unasikia sauti, anzia huko kwa daktari wa akili. Hospitali ya Port Reitz hapa Mombasa ina kitengo cha afya ya akili. Dawa na mazungumzo havipingani.

Mji wetu ni mdogo, kwa hiyo muulize mshauri waziwazi kama anawajua watu wa kwenu, na ni mambo gani yatamlazimu kuvunja siri. Mkionana kwa video, tafuta mahali ambapo mlango unafungwa. Najua mama anayefanyia kikao ndani ya gari lake, na kinakwenda vizuri.

Mkimbie anayekuahidi kukuponya kwa vikao vitatu, na mkimbie anayeidharau dini yako. Mimi naswali, na mshauri wangu ni Mkristo. Hatujagombana. Zaidi ya hao wote, mkimbie anayesema mtoto ashikwe kwa nguvu au afunikwe ili "ajifunze kumpenda" mzazi. Mwaka 2000, Colorado, Marekani, mtoto wa miaka 10 alikufa akiwa amefunikwa mashuka na mito katika "tiba" ya namna hiyo. Wanaolifanya hilo hutumia jina la mafungamano, lakini halihusiani kabisa na alichokitazama Ainsworth.

Ukishaanza, jipe kama mwezi mmoja na nusu ndipo uamue. Usipime kwa kuangalia kama unatoka umefurahi, maana siku nyingine utatoka umechoka. Pima hivi: umemwambia jambo moja lililokukera kwake, akalipokea? Kama umejaribu akakukaripia au akakubadilishia mada, tafuta mwingine bila kujilaumu.

Wazo la kujidhuru likikujia, usingoje kikao. Kwa Kenya piga 1199, ya Msalaba Mwekundu, bila malipo. Simu ya kusaidia watoto ni 116.

Na ukitaka kuacha, usiache kwa ujumbe wa simu. Mwambie ana kwa ana, mpange vikao kadhaa vya kuagana, na uvihudhurie. Hivyo vya mwisho ndivyo ambavyo watu kama mimi hutamani sana kuvikwepa, kwa hiyo vilipie mapema.