Somo: Kuchagua matairi ya baiskeli ya tyubulesi (yasiyotumia tyubu ndani) kwa wanaoshuka milima kwa nguvu

Wakuu, swali la "ninunue tairi gani" nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara naandika yale yale kwa vipande. Leo naliweka lote mahali pamoja. Somo hili ni la wanaoshuka kwa kasi kwenye mawe na mizizi, wanaoruka, wanaolaza baiskeli kwenye kona. Anayezunguka njia laini asijisumbue, karibu tairi lolote litamfaa.

Hatua ya 1. Soma namba ya saizi ubavuni mwa tairi: 622 ni gurudumu la inchi 29, 584 ni 27.5, 559 ni 26. Isipolingana na ya rimu, acha.

Hatua ya 2. Hakikisha tairi na rimu, vyote viwili, vimeandikwa kuwa ni vya tyubulesi.

Hatua ya 3. Pima upana wa rimu kwa ndani, ukuta hadi ukuta. Rimu ya milimita 28 hadi 35 inabeba vizuri tairi la inchi 2.4 hadi 2.6. Kama yako ni ya milimita 25, baki na 2.3. Tairi pana kwenye rimu nyembamba huvimba juu na kubanwa chini, na ukililaza kwenye kona linayumba na linaweza kuachia upepo kwa ghafla.

Hatua ya 4. Mwili wa tairi, yaani tabaka za nyuzi na mpira zinazobeba meno na kuunda ubavu. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo mnivumilie nirefushe.

Nilipoanza nilichagua kwa macho. Niliyaona meno, nikayapenda, nikachukua toleo jepesi kuliko yote kwa sababu nilifikiria vilima vya kupanda tu. Kwenye mteremko wa kwanza wenye mawe nikasikia rimu ikigonga jiwe. Nikaongeza upepo. Rimu ikaacha kugonga, lakini gurudumu likaanza kudunda, na kwenye mizizi yenye maji likawa halishiki kitu. Nikapunguza tena. Mchana huo huo jiwe likapasua ubavu wa tairi la nyuma, mpasuko wa urefu wa kidole gumba. Silanti yote (ile dawa ya majimaji ya kuziba matundu) ikamwagika chini na rimu ikabonyea. Nilisukuma baiskeli hadi giza likaingia. Meno ya tairi lile yalikuwa bado mapya kabisa.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba tairi moja, jina moja, meno yale yale, huuzwa kwa miili tofauti. Kwa kampuni ya Maxxis ngazi zinapanda hivi: EXO, EXO+, DoubleDown, kisha DH. Kwa Schwalbe ni Super Ground, Super Trail, Super Gravity na Super Downhill. Continental wana Trail, Enduro na Downhill. Kadiri unavyopanda, ubavu unakuwa mnene zaidi, na ngazi za juu huwa na tabaka mbili za nyuzi badala ya moja. Kutoka ngazi ya chini hadi ya juu kabisa unaweza kuongeza karibu gramu 300 kwa kila gurudumu. Utazisikia unapopanda, sikufichi. Lakini mwili mzito unakuruhusu kutumia upepo mdogo bila kupasua ubavu, na upepo mdogo ndio unaolifanya tairi lishike ardhi.

Ushauri wangu: kwenye udongo na mizizi, mwili wa kati mbele na nyuma unatosha. Kwenye mawe makali, au kama wewe ni mzito, au unashuka kutwa nzima kwa kupandishwa na lifti, gurudumu la nyuma lisiwe chini ya DoubleDown, Super Gravity au Enduro. La mbele linaweza kuwa ngazi moja chini yake, kwa sababu uzito wako mwingi na mapigo mengi huenda nyuma.

Onyo la kwanza: usitibu tairi jepesi kwa kulijaza upepo. Utaokoa rimu na kupoteza mshiko, na ni mshiko uliolinunulia tairi hilo.

Onyo la pili: namba ya nyuzi kwa inchi, ile TPI, ikiwa kubwa haimaanishi tairi ni imara zaidi. Nyuzi nyingi ni nyuzi nyembamba. Mwili wa DH wa Maxxis una nyuzi 60 tu kwa inchi, lakini tabaka ni mbili.

Onyo la tatu: maandishi ya "tyubulesi" yanakuambia tairi litashika upepo bila tyubu. Kuhusu kuvumilia mawe hayasemi lolote.

Hatua ya 5. Meno. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha kwa kiuno. La mbele likiteleza, unajikuta chini. Kwa hiyo mbele weka meno marefu, yenye nafasi kati yake, na ya pembeni yawe yamesimama imara: mfano Minion DHF na Assegai za Maxxis, au Magic Mary ya Schwalbe. Nyuma unahitaji meno ya katikati yanayouma wakati wa breki bila kuzuia sana mwendo. Minion DHR II imekuwa chaguo la wengi kwa miaka. Kwenye ardhi ngumu na kavu, meno mafupi yaliyokaribiana yanatembea vizuri zaidi, ila tope likija yanajaa na kuwa kama kipara.

Hatua ya 6. Mpira. Laini mbele, mgumu kidogo nyuma. Mpira laini wa Maxxis, MaxxGrip, au wa Schwalbe, Addix Ultra Soft, zinashika jiwe lenye maji vizuri sana, lakini zinalika haraka na zinachosha miguu. Nyuma ile migumu kidogo, MaxxTerra au Addix Soft, inatosha.

Hatua ya 7. Upepo. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi la 2.4 au 2.5 aanzie psi 22 mbele na 25 nyuma, yaani baa 1.5 na 1.7 hivi. Badilisha psi moja moja, na tumia kipimo kile kile siku zote; vipimo viwili mara nyingi havikubaliani.

Hatua ya 8. Kufunga: rimu safi, tepu ya rimu isiyo na mkunjo, maji ya sabuni kwenye midomo ya tairi (kingo zinazokaa ndani ya rimu), silanti mililita 100 hadi 120 kwa gurudumu la 29, jaza upepo mpaka midomo ikae kwa mlio. Usivuke kipimo cha juu kilichoandikwa kwenye tairi au kwenye rimu, fuata kilicho kidogo. Tairi linaloruka kutoka kwenye rimu linaumiza watu.

Maswali karibuni.

Swali: Mkuu, kwa kifupi, tairi gani zuri?

Jibu: Rudi hatua ya 4. Kisha niambie uzito wako, upana wa rimu na unapita juu ya nini. Bila hayo siwezi kukujibu, na mwingine yeyote atakuwa anakisia.

Swali: Nina tairi la kawaida la tyubu, zuri tu. Nikitia silanti na tepu si linakuwa tyubulesi?

Jibu: Hapana. Mdomo wa tairi la kawaida haukutengenezwa kujifunga kwenye rimu bila tyubu kulisukuma kutoka ndani. Linaweza kukaa vizuri ukiwa umesimama, halafu likachomoka kwenye kona. Usifanye.

Swali: Samahani, naomba kuelewa kitu. Kwa nini upepo mdogo ushike zaidi? Nilidhani tairi gumu linauma ardhi vizuri.

Jibu: Usiombe samahani, ni swali zuri sana. Tairi lenye upepo mwingi likikutana na jiwe dogo haliwezi kulifuata, linapanda juu yake na gurudumu zima linanyanyuka. Muda wote gurudumu likiwa hewani huna breki wala kona. Lenye upepo mdogo linabonyea, linalikumbatia jiwe na kubaki chini, na mpira mwingi zaidi unagusa ardhi. Kwa tyubu usingefika huko, kwa sababu tyubu ingebanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba. Bila tyubu, kinachobaki kubanwa ni tairi lenyewe, ndiyo maana unene wa mwili unakuwa muhimu. Kuna kingine: ukishusha upepo, ubavu ndio unaobeba kazi ya kusimama wima kwenye kona. Ubavu mwembamba unajikunja, unahisi baiskeli inaelea chini yako. Ubavu mnene unasimama. Kwa hiyo usilipime tairi mbali na upepo utakaotumia.

Swali: Mimi nina miaka miwili na tairi jepesi, sijapata pancha hata moja. Naona unatia chumvi.

Jibu: Sijatia chumvi, nimeeleza kilichonipata na sababu yake. Hujasema una kilo ngapi, unaweka psi ngapi wala unapita wapi. Kama ni mwepesi na njia zako ni za udongo, tairi lako linakufaa, na ndivyo nilivyoandika. Mwenye kilo 90 kwenye mawe makali akikuiga atarudi kwa miguu.

Swali: Rimu yangu ya zamani imeandikwa UST. Ni sawa na hizi za sasa?

Jibu: Ni ndugu. UST ni mfumo wa tyubulesi ulioletwa na kampuni ya Mavic mwaka 1999 pamoja na Hutchinson na Michelin. Tairi la UST lilikuwa na utando ndani usiopitisha upepo, kwa hiyo lingeweza kutembea hata bila silanti, ila lilikuwa zito. Mengi ya sasa yanategemea silanti kuziba vitundu vidogo vya mwili wake. Rimu yako itapokea tairi la sasa, lakini pima upana kwanza. Rimu nyingi za enzi hizo ni nyembamba, na hapo hatua ya 3 inakuhusu sana.

Swali: Vipi zile sponji za kuweka ndani ya tairi?

Jibu: Zinafanya kazi. Zinailinda rimu na kusaidia ubavu usijikunje, na wengi huweka nyuma tu. Ila zinaongeza uzito, na kulitoa tairi ukiwa njiani ni vita. Ukishakuwa na mwili sahihi na bado unagonga rimu, hapo zifikirie.

Swali: Baiskeli yangu ina mota. Kuna tofauti?

Jibu: Ndiyo, ni nzito. Panda ngazi moja ya mwili nyuma.

Nyongeza ya mwanachama: Valvu ikiziba, wengi wanaitupa. Toa kiini chake, kioshe silanti iliyoganda, rudisha. Na unapojaza upepo, usiache valvu iwe chini kabisa ambako silanti imetuama. Izungushe ikae pembeni.

Jibu: Asante sana, hilo nililisahau. Niongezee: kila baada ya miezi miwili au mitatu litikise gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji yakicheza, silanti imekauka. Sehemu zenye joto inakauka mapema zaidi.

Swali: Na ubavu ukipasuka kama wako, nikiwa mbali, nifanye nini? Ile misumari ya mpira ya kuchomeka inatosha?

Jibu: Kwa tundu la katikati ya meno, ndiyo, chomeka moja au mbili, zungusha gurudumu silanti ifike, ongeza upepo. Ubavuni mara nyingi haishiki, hasa mpasuko ukiwa mrefu. Hapo toa valvu ya tyubulesi na ufute silanti. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi utafute miiba, kwa sababu silanti huificha mingi na yote itaitoboa tyubu yako. Weka kipande cha tairi kuukuu ndani, nyuma ya mpasuko, kisha tyubu. Mimi hubeba kipande cha ukubwa wa kiganja, nimekikata kutoka kwenye ubavu wa lile tairi langu la kwanza. Jaza upepo zaidi kidogo ya kawaida na urudi taratibu.