Kabla ya raundi 25: mambo ya kuzingatia ukishuka Kisumu kukimbia mita 10,000

Wengi wanaoshuka Kisumu kutoka Nandi, Kericho au Molo kukimbia mita 10,000 uwanjani kwa mara ya kwanza wamezoea nyika na barabara. Pumzi wanazo. Kinachowaangusha ni hesabu. Barabarani kuna mlima wa kukupunguza kasi na mteremko wa kukurudishia. Uwanjani ni mita 400 zilezile mara 25, na asiyejua raundi moja imchukue sekunde ngapi hugundua akiwa ameshachoka.

Kwa hiyo shika kalamu kabla ya kushika begi. Ukitaka kumaliza kwa dakika 30, kila raundi ni sekunde 72. Dakika 32 na nusu ni sekunde 78, dakika 35 ni 84. Beatrice Chebet alipokimbia 28:54.14 kule Eugene, Marekani, mwezi Mei 2024, akawa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29, wastani wake ulikuwa sekunde 69 na kidogo kwa raundi. Kama umejiandikisha mita 5,000, kumbuka hizo ni raundi 12 na nusu: mnaanzia upande wa pili wa uwanja, na mara ya kwanza kupita mstari wa kumalizia mmekimbia mita 200 tu. Ukisikia ukisomewa sekunde "thelathini na sita" hapo, usidhani umekimbia raundi nzima kwa muda huo.

Wiki mbili tatu kabla, fanya mazoezi ya mita 1,000 mara kadhaa kwa kasi hiyo, saa akiwa nayo mwenzako. Kila ukimaliza, taja muda unaodhani umekimbia kabla hajakuambia. Ukianza kukosea kwa sekunde moja tu, kasi imekuingia. Lakini hakikisha uwanja wenyewe ni mita 400. Viwanja vingi vya shule za msingi ni vifupi, na vimewadanganya vijana wengi kwamba wana mbio kuliko walizo nazo.

Viatu vinahitaji macho makali. Vile vya barabarani vyenye soli nene viache nyumbani. Tangu Novemba 2024 kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha duniani, zinataka soli ya kiatu cha uwanjani isizidi milimita 20, ilhali barabarani hufika 40. Misumari ya viatu kwenye tartani, yaani uwanja wa mpira, isizidi milimita 9, na viwanja vingine hutaka mifupi zaidi, basi uliza mapema. Ukinunua njumu, viatu vya misumari, za mtumba pale soko la Kibuye, geuza soli ujaribu kufungua kila msumari kwa ufunguo wake papo hapo. Uliokula kutu hautoki, na asubuhi ya mashindano si wakati wa kutafuta koleo. Kisha zikimbilie mara kadhaa mazoezini, la sivyo misuli ya nyuma ya mguu itakukaza raundi ya kumi.

Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Iten iko 2,400. Anayeshuka huhisi pumzi ni nyepesi na kujiachia raundi nne za kwanza. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu joto la kando ya ziwa haliji mara moja. Huja katikati, mwili ukiwa hauwezi tena kujipoza. Ulizia saa ya kuanza. Ikiwa ni mchana, kaa kivulini, pasha mwili kwa muda mfupi kuliko ulivyozoea, na anza sekunde moja au mbili polepole kwa raundi. Samaki wa kukaanga ni wa baada ya mbio. Usiku uliotangulia kula ugali wako wa kawaida na mboga chache, asubuhi chai na mkate.

Ukishikwa na mafua safarini, usimeze dawa ya dukani kienyeji. Baadhi zina pseudoefedrini, ambayo hukatazwa siku ya mashindano ikizidi kiwango, na vidonge vya prednisoloni wanavyopewa wenye pumu na mzio havikubaliki siku ya mashindano bila kibali cha matibabu. Mwanariadha ndiye hubeba lawama ya kila kinachopatikana mwilini mwake, hata kama aliyempa dawa ni daktari. Waulize kwanza ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa haramu michezoni.

Mbio zenyewe: kaa leni ya kwanza. Raundi nzima kwenye leni ya pili hukuongezea takriban mita 7, kwa hiyo kupita mtu subiri mtoke kwenye kona. Mtafute mwenzako wa kukaa jukwaani akuhesabie raundi zilizobaki. Asiingie uwanjani wala kukimbia sambamba nawe. Kengele ya raundi ya mwisho hupigwa kwanza kwa anayeongoza. Kama umepigwa raundi, yako bado. Na ukipitwa baada ya kengele usikate tamaa haraka. Naftali Temu wa Kisii alipitwa na Mamo Wolde wa Ethiopia mwishoni mwa mita 10,000 kule Mexico mwaka 1968, akamrudia kwenye mita za mwisho na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Beba pini zako nne za namba, na kitambulisho. Ukichaguliwa kupimwa baada ya mbio hutaondoka mpaka utoe mkojo, na kwa mtu aliyekaukiwa na maji hilo huweza kuchukua saa nyingi. Panga pa kulala mjini, usitegemee matatu ya jioni ya Kapsabet.