Kuchagua Mtaa wa Kulea Watoto Unapohamia Jiji Jipya

Nyumba yenye kasoro hurekebishika. Ukuta hupakwa rangi, paa huzibwa, chumba huongezwa. Mtaa haurekebishiki kwa mfuko wa familia moja: huwezi kusogeza shule, kuhamisha barabara kuu wala kuinua bonde. Kwa hiyo anayehamia jiji asilolijua achague mtaa kwanza, nyumba baadaye. Matangazo na madalali watakuvuta kinyume, kwa sababu picha ya sebule hufika mkononi kabla hujajua hata basi linapita wapi.

Mwongozo huu ni wa mitaa ya viungani, nje kidogo ya kitovu cha jiji, ambako familia nyingi hukimbilia kutafuta nafasi na utulivu. Huko ndiko makosa ya kuchagua hugharimu zaidi, maana kila kitu kiko mbali na kila kitu.

Anza na safari za familia

Chukua karatasi uandike safari zote ambazo familia yako hufanya katika wiki ya kawaida: kazini, shuleni, kliniki, sokoni, ibadani, mazoezini, kwa ndugu. Kando ya kila safari andika nani anaifanya na mara ngapi. Wengi huchagua mtaa kwa kuangalia safari ya kazini peke yake, wakati ya shule ndiyo inayokula muda mwingi. Mzazi anayempeleka mtoto na kurudi, kisha akaenda kumchukua na kurudi, anafanya safari nne kwa siku, yaani 20 kwa wiki. Shule ikiwa umbali wa dakika 25, hizo ni saa nane na dakika 20. Ikiwa umbali wa dakika 8, ni saa mbili na dakika 40. Tofauti hiyo ni saa tano na dakika 40, zaidi ya nusu ya siku ya kazi, kila wiki, kwa miaka yote ya shule ya msingi.

Pima kwa dakika, usipime kwa kilomita. Programu nyingi za ramani hukuruhusu kuchagua saa ya kuondoka. Weka saa halisi utakayotoka nyumbani, siku ya katikati ya wiki, shule zikiwa wazi. Ukipewa makadirio ya dakika 35 hadi 70, panga maisha yako kwa 70, kwa sababu kengele ya shule haisubiri foleni. Dakika 45 kwenda na 45 kurudi kwa siku 22 za kazi ni saa 33 kwa mwezi. Saa hizo hazitoki kazini, zinatoka kwenye chakula cha jioni na usimamizi wa kazi za shule.

Gharama nayo ihesabiwe pamoja na safari. Pango la viungani huonekana nafuu mpaka ujumlishe nauli za watu wote, au mafuta na matengenezo ya gari la pili. Center for Neighborhood Technology, taasisi ya Chicago, hutumia kipimo kinachosema nyumba na usafiri kwa pamoja visizidi asilimia 45 ya kipato. Hata kama kipato chako hakiendani na kipimo hicho, utaratibu wake ni sahihi: jumlisha vyote viwili kwa kila mtaa, kisha linganisha jumla kwa jumla. Mara nyingi mtaa wenye pango la juu kidogo hushinda.

Halafu tazama njia za kutokea. Kuna mitaa mizuri sana ambayo ina barabara moja tu ya kuingia na kutoka, au hutegemea daraja moja, au kivuko kimoja cha reli. Lori likiharibika hapo, mtaa mzima umefungwa, na gari la wagonjwa halipiti. Kwenye ramani hesabu njia zinazofika barabara kuu. Mbili ni kiwango cha chini kwa familia yenye watoto wadogo au mzee anayeumwa.

Shule: uliza kabla ya kusaini chochote

Kosa kubwa la wanaohama ni kudhani kwamba kuishi karibu na shule kunampa mtoto nafasi. Katika miji mingi shule za umma huandikisha kwa mipaka ya maeneo, na mpaka unaweza kupita katikati ya barabara: nyumba za upande huu zinapokelewa, za upande ule zinapelekwa shule nyingine. Usichukue neno la dalali. Piga simu shuleni, taja namba ya nyumba na jina la barabara, uliza mambo manne: je, anwani hii ni yenu, je, darasa analokwenda mtoto lina nafasi, je, mnapokea wanaohamia katikati ya mwaka, darasa lina watoto wangapi. Jibu likiwa la maneno tu, omba waliandike.

Orodha za kupanga shule kwa matokeo ya mitihani zina faida yake, lakini matokeo huakisi pia kipato na elimu ya wazazi, kwa hiyo shule iliyo juu si lazima iwe inafundisha vizuri zaidi. Ishara yenye uzito zaidi ni walimu kudumu. Uliza ni wangapi wamekuwepo kwa zaidi ya miaka mitano. Nenda pia saa ya kutoka shule, usimame langoni dakika 20. Utaona watoto wanaondoka na nani, wanavuka wapi, na kama kuna mtu mzima anayesimamia magari.

Fikiria mbele. Mtoto wa miaka minne atakuwa na miaka 12 baada ya miaka minane, na mtaa wenye chekechea nzuri unaweza kukosa sekondari inayofikika. Kijana asiye na basi la jioni hutegemea kubebwa na wazazi kwa kila jambo, na mzigo huo huwashangaza wengi waliochagua mtaa watoto wao wakiwa wachanga.

Tembea kwa mwendo wa mtoto

Mtu mzima hutembea mita 400 kwa dakika tano hivi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kutumia mara mbili ya hizo, akisimama kuangalia kila kitu njiani. Toka kwa miguu kutoka nyumba unayoifikiria hadi shule, duka la karibu na uwanja wa michezo. Katika sehemu mbili tatu za kuvuka, chuchumaa hadi kimo cha mtoto. Utagundua kwamba ua, pipa la taka au gari lililoegeshwa linaficha barabara yote, ingawa wewe uliyesimama unaona vizuri kabisa. Njia ya miguu inayokatika ghafla na kumlazimisha mtu kushuka barabarani inatosha kuufuta mtaa kwenye orodha, kama hakuna njia nyingine.

Kasi ya magari ndiyo hatari kubwa, na inahesabika. Dereva makini huchukua takriban sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Kwenye lami kavu, gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hivi. La kilomita 50 huhitaji karibu mita 28. Mpira ukitokea mita 15 mbele ya gari na mtoto nyuma yake, gari la kwanza linasimama. La pili linafika alipo mtoto kabla dereva hajaanza kupunguza mwendo vya kutosha. Barabara pana, iliyonyooka na isiyo na matuta hualika kasi hata kama kibao kinasema 30. Tafuta mitaa ambayo barabara zake ni nyembamba, zina kona, matuta au mwisho uliofungwa. Epuka ile inayotumiwa na wapita njia kukwepa foleni ya barabara kuu: simama pale saa moja asubuhi, uhesabu magari kwa dakika tano, na uangalie kama yanaingia kwenye nyumba za hapo au yanapita tu.

Mwaka 1929 Clarence Perry, mpangamiji wa Marekani, alitoa mchoro wa kitongoji ambacho shule ya msingi iko katikati na barabara kubwa ziko pembeni, ili mtoto asizivuke. Wazo lake limekosolewa kwa mengi, lakini bado ni jaribio zuri la ramani: weka kidole kwenye nyumba na kingine kwenye shule, kisha tazama kama kuna barabara kubwa katikati yake.

Ardhi, maji na hewa

Mvua hufichua kila kitu, kwa hiyo kama unaweza, nenda saa chache baada ya mvua kubwa. Kama ni kiangazi, soma alama: mstari wa matope au rangi iliyobadilika kwenye kuta, kwa kawaida sentimita 20 hadi 60 kutoka chini; vizingiti vya milango vilivyoinuliwa kwa saruji mpya; matete na mimea ya majimaji kwenye viwanja vitupu; mitaro iliyojaa mchanga na plastiki. Jirani aliyejenga kizuizi cha maji mlangoni kwake hakukijenga kwa urembo. Tazama pia upande wa juu wa mteremko, maana ujenzi mpya huko hufunika ardhi iliyokuwa inanyonya maji, na mtaa ambao haujawahi kufurika huanza kufurika.

Kama huduma ya maji si ya uhakika katika jiji hilo, inua macho uangalie mapaa. Nyumba ambayo kila jirani yake ana matangi mawili makubwa iko kwenye eneo la mgao, hata dalali aseme nini. Kadiria lita 100 kwa mtu kwa siku: familia ya watano hutumia 500, na tangi la lita 2,000 linawavusha siku nne. Uliza maji hutoka siku zipi, ulinganishe.

Kelele na harufu zina ratiba. Ndege hubadili njia ya kutua kufuatana na upepo, kwa hiyo Jumamosi moja ya kimya haithibitishi kitu. Dampo, machinjio au kiwanda kilicho upande upepo unakotokea kitakufikia ndani. Shirika la Afya Duniani, kwa Ulaya, lilipendekeza mwaka 2009 kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 40. Programu ya simu haipimi kwa usahihi wa maabara, lakini ikikuonyesha 60 saa tano usiku, mtoto mchanga hatalala hapo na dirisha wazi.

Usalama bila kudanganywa na takwimu wala kuta

Ramani za uhalifu huchafua sura ya mitaa yenye maduka makubwa au stendi, kwa sababu watu wengi hupita hapo ilhali hesabu hugawanywa kwa wakazi wachache. Tenganisha aina za matukio: wizi dukani hauhusu mlango wako, uvunjaji wa nyumba unahusu. Kuta ndefu na mageti nazo haziashirii usalama moja kwa moja. Barabara iliyozungukwa na kuta tupu pande zote haina macho ya kumwona mtoto akipata shida. Mimi ningependelea mtaa wenye uzio mfupi, wazee wakikaa barazani na baiskeli za watoto zikiwa nje, kuliko kasri lililofungwa.

Waulize watu wanne tofauti: muuza duka, mlinzi, mwalimu na mzazi aliyeko uwanjani na mtoto. Usiulize “ni salama?” kwa sababu kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: mtoto wenu mnamruhusu kwenda dukani peke yake akiwa na umri gani? Usiku mnapita njia ipi, na ipi mnaiacha? Majibu yakilingana, umepata ukweli.

Kinachokuja, na jinsi ya kuamua

Kiwanja kitupu kinachopendeza leo kinaweza kuwa kituo cha mafuta kesho. Nenda ofisi ya mipango miji, uombe ramani ya matumizi ya ardhi na mipaka ya hifadhi ya barabara. Kwa miradi mipya ya nyumba, hesabu kilichojengwa tu. Shule, zahanati na bustani zilizochorwa kwenye bango huja mwisho, na mwendelezaji akiishiwa fedha haziji kabisa.

Ukishapunguza hadi mitaa mitatu, tembelea kila mmoja mara nne: asubuhi ya siku ya kazi, saa ya kutoka shule, usiku wa mwisho wa wiki, na baada ya mvua. Kama uko mbali, mwombe mtu akutumie video isiyokatwa kuanzia kituo cha basi hadi mlangoni. Picha safi za kuchagua hazitakusaidia, video ndefu yenye vumbi itakusaidia.

Hata ukiwa na fedha za kununua, panga nyumba kwanza kwa miezi 6 hadi 12, muda wa kuona angalau msimu mmoja wa mvua ukiwa ndani. Mkataba uwe na kifungu cha kuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili, na kodi isilipwe yote kwa mkupuo kama kuna namna nyingine. Fika wiki nne hadi sita kabla ya muhula kuanza. Barua ya uhamisho, ripoti za shule, vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo ziwe kwenye begi la mkononi: zikipakiwa kwenye lori la mizigo, mtoto anaweza kukosa wiki za mwanzo za masomo akizisubiri.