Kukaa kwa familia Ufaransa: shughuli huanzia kwa mwenyeji

Ukishapata familia ya kukupokea Ufaransa, usikimbilie tiketi. Ili kukupa viza, ubalozi utataka cheti kiitwacho attestation d'accueil, yaani uthibitisho kwamba mwenyeji atakulaza kwake, na hicho huwezi kukiomba ukiwa Nairobi. Mwenyeji ndiye hukiomba kwenye ofisi ya meya wa mji wake, akiwa na kitambulisho, hati za makazi na za kipato, na stempu ya ushuru ya euro 30. Huenda akasubiri wiki kadhaa, na meya ana haki ya kukataa akiona nyumba haitoshi watu.

Mtumie mapema jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, na tarehe za kufika na kuondoka. Maombi mengi huharibikia hapa: cheti kinasema tarehe 3, bima ya safari inaanza tarehe 5. Cheti chenyewe kiletwe kwa kuria. Picha ya WhatsApp haitoshi. Bima nayo iwe ya angalau euro 30,000. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, lakini ukingoja hizo siku 15 za mwisho umejitafutia presha bure.

Kabla ya hayo yote, pigianeni simu ya video na mwenyeji, akuonyeshe chumba. Anayekwepa simu na kuomba pesa ya kushikilia nafasi, achana naye. Uliza bila haya: kuna mbwa ndani ya nyumba? Nani anavuta sigara? Nitapewa ufunguo wangu? Milo ipi imo kwenye bei? Kama huli nguruwe au pombe hata kwenye mchuzi, sema sasa, si mezani. Mwenyeji akishapika, kukataa kunawaumiza nyote wawili.

Mzigoni, acha nyama, maziwa na samli. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia navyo kutoka Kenya, na vitatupwa uwanjani. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa hazina shida. Pakiti ya gramu 500 ni zawadi nzuri, ila wapikie chai ya kwanza wewe mwenyewe. Chai yetu ni ya punje ndogo na hukolea haraka. Wakiiloweka kama wanavyoloweka yao, bila maziwa, itakuwa chungu. Beba pia adapta, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu haziingii kule.

Ukitaka kuwapikia ugali, angalia jiko kwanza. Mengi yana uso wa kioo. Ukisonga kwa nguvu huku sufuria ikisuguana na kioo, kitakwaruzika, na kukibadilisha ni ghali. Tumia sufuria nzito yenye mkono, punguza moto mapema, na unga ukianza kushika, itoe jikoni uiweke juu ya ubao ndipo usonge.

Maji ya moto mara nyingi hutoka kwenye tangi moja la nyumba nzima. Ukioga nusu saa, anayefuata ataoga baridi. Dakika 10 zinatosha. Ukichelewa chakula cha jioni, tuma ujumbe kabla hawajaketi, kwa kuwa wengi hungojana. Asubuhi ya kuondoka, vua shuka na uulize zinakowekwa.